Kisima cha mwenye nyumba kina floraidi 3.8: watoto wanywe nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tulihamia Usa River, Arusha, kutoka Tanga miaka 8 iliyopita, kifungua mimba wangu akiwa na mwaka mmoja. Sasa ana miaka 9. Meno yake ya mbele yaliota meupe bila mng'ao, na kila mwaka madoa ya kahawia yanaongezeka, shuleni wanamtania. Mdogo wake ana miezi 14, bado ananyonya na anakula uji. Tunatumia kisima cha mwenye nyumba. Alinionyesha karatasi ya vipimo ya mwaka 2011: floraidi miligramu 3.8 kwa lita, yanafaa kwa kunywa. Maji yote nayachemsha na kuyapitisha kwenye chujio la mshumaa. Jirani anasema nitie shabu, na kuna fundi anauza chujio la mkaa wa mifupa. Mama mkwe, ambaye ni mzaliwa wa huku, anaumwa mgongo na magoti na anasema ni maji hayahaya. Niwape watoto maji gani? Niache dawa ya meno? Au tuhame? Na kuoga je?

JIBU: Dada, endelea kuchemsha, ila ujue unaua vijidudu tu. Floraidi ni madini, haifi kwa moto wala haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki palepale: lita 4 za kisima chako zikichemka hadi zikabaki 3, ile 3.8 imeshapanda na kuwa 5. Kwa hiyo funika sufuria, yakitokota sawasawa epua. Chujio la mshumaa nalo linazuia tope na vijidudu, lakini floraidi imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi, inapita kwenye mshumaa bila shida yoyote. Dawa ya klorini haiigusi. Kuanika chupa juani hakuigusi.

Karatasi ya mwenye nyumba haikudanganya. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa kuwa kufuata kiwango kikali zaidi kungefunga vyanzo vingi vya kaskazini na watu wangebaki bila maji kabisa. Baadaye kikashushwa hadi 4, na leo kiwango cha taifa ni 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2011 kisima chenye 3.8 kilikuwa chini ya 4, kikapita. Leo hakipiti. Karatasi za namna hiyo bado zinaning'inia kwenye ofisi nyingi za shule na zahanati huko kwetu, na watu wanaendelea kuziamini.

Isitoshe, namba ya 2011 ni ya 2011. Pima upya kabla hujatoa hata shilingi moja ya chujio. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo Arusha. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, ijaze, funga, andika tarehe na mahali. Usitie kitu chochote ndani. Floraidi haiharibiki njiani, hivyo huhitaji barafu wala haraka. Waambie unataka floraidi, na kama mfuko unaruhusu, uongeze pH (kipimo cha uchachu wa maji) na kalsiamu. Ukiweza, chukua sampuli mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, kwa sababu vyanzo vingi vinabadilika kati ya kiangazi na masika, nawe unataka kujua hali ikiwa mbaya inakuwa mbaya kiasi gani.

Kuhusu chanzo chake nitasema kidogo tu. Maji yanayoshuka Mlima Meru yanapita kwenye majivu na miamba ya volkano yenye floraidi nyingi. Tena maji yetu yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floraidi na kuifanya itulie chini kama jiwe. Isipokuwepo, floraidi inabaki majini. Ndiyo maana chemchemi ya juu mlimani inaweza kuwa safi kabisa na kisima cha bondeni kikawa kibaya, na katika maziwa ya Momella, ambako maji yanaingia na hayatoki ila kwa kukaushwa na jua, vipimo vimefika mamia ya miligramu kwa lita. Visima viwili vilivyo mita mia chache kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kutofautiana mara tatu. Kuchimba kirefu zaidi hakukuhakikishii chochote. Wala usihukumu kwa macho: floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji meupe yanayong'aa yanaweza kuwa nayo 10, na mto wenye rangi ya chai ukawa na rangi hiyo kwa sababu zake nyingine.

Sasa twende kwa huyu wa miezi 14, kwani yeye ndiye mwenye haraka.

Ganda la nje la meno ya kudumu ya mbele linajengwa ndani ya ufizi kuanzia miezi michache baada ya kuzaliwa hadi kama miaka 4 au 5, na kipindi nyeti kuliko vyote kwa yale mawili makubwa ya juu ni kati ya mwaka mmoja na miaka miwili na nusu. Mtoto wako ameingia humo sasa hivi. Meno hayo utayaona akifika miaka 6 au 7, na hapo hakuna cha kurekebisha tena kwa maji.

Hebu tupige hesabu. Kipimo ambacho wataalamu wa lishe wamekizoea kama mpaka wa juu kwa watoto wadogo ni miligramu 0.1 ya floraidi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 10, basi, mpaka wake ni miligramu 1. Akinywa uji, maji na supu jumla ya lita moja ya kisima chako, ameingiza 3.8. Karibu mara nne. Na mwili wa mtoto anayekua unashika sehemu kubwa ya floraidi anayomeza kuliko wa mtu mzima, maana mifupa inajengwa.

Habari njema ni kwamba bado ananyonya. Maziwa ya mama yana floraidi ndogo mno hata mama mwenyewe akiwa anakunywa maji mabaya. Basi usimwachishe mapema. Mfikishe miaka miwili kama unaweza. Kinachobaki kwake ni maji ya uji na ya kunywa, kama lita moja kwa siku. Hayo ndiyo ya kuyapata safi kwa gharama yoyote, hata kama wengine nyumbani watasubiri. Na chai asipewe kabisa. Majani ya chai yenyewe yanakusanya floraidi shambani, kikombe kinatoka nayo hata kikipikwa kwa maji ya mvua.

Kwa kifungua mimba nitakuambia ukweli bila kuzungusha: mlifika Usa River akiwa katika umri uleule wa hatari, na meno yake ya mbele yameshaumbika. Maji safi leo hayatayafuta madoa. Lakini yale meupe yasiyong'aa uliyoyaona yakiota ndiyo alama yenyewe ya floraidi. Kahawia imekuja baadaye, kwa sababu ganda lenye vitundu hunyonya rangi ya chakula na chai. Hivyo rangi hiyo inatibika. Daktari wa meno anaweza kuyasafisha kwa dawa maalumu, kuyasugua kitaalamu tabaka la juu kabisa, au kuyafunika kwa vifaa vyenye rangi ya jino. Asisuguliwe kwa mchanga, jivu wala mkaa, na msimpeleke kwa wale wanaopaka tindikali mitaani meno yaje meupe kwa wiki mbili: wanamenya ganda ambalo tayari ni dhaifu. Na shuleni, mwalimu wake aelezwe kwamba si uchafu wala si ukoo. Nimewaona watoto wenye meno kama hayo wakiadhibiwa kwa kutopiga mswaki.

Dawa ya meno usiiache. Watu wengi wa Arusha wanaikwepa yenye floraidi wakidhani wanajikinga, kumbe hesabu inakataa. Kiasi cha punje ya mchele, kinachomtosha mtoto chini ya miaka 3, kina kama miligramu 0.1 hata akikimeza chote. Lita moja ya kisima chako ina mara 38 ya hiyo. Huyu mkubwa apake kiasi cha punje ya njegere na ateme. Jino lenye vitundu linaoza upesi, hivyo linahitaji dawa kuliko jino zima.

Mama mkwe. Shikamoo zake zifike. Mgongo na magoti ya mtu wa umri wake vina sababu nyingi, na maji ni mojawapo tu. Floraidi ya kati ya miligramu 3 na 6, ikinywewa kwa miaka mingi, inaweza kuanza kuonekana kwenye mifupa: shingo na mgongo vinakakamaa, viungo vinauma. Ulemavu mkubwa, wa mtu kupinda asiweze kunyooka, unahusishwa na maji ya zaidi ya 10 kwa muda mrefu. Kama amekulia bondeni akinywa maji ya mfereji, inawezekana kabisa. Picha ya eksirei ya mgongo na nyonga inamwonyesha daktari mfupa mzito na mgumu kupita kiasi, tofauti na uzee wa kawaida. Ila mwulizeni daktari jambo jingine pia: figo. Figo ndizo zinazotoa floraidi mwilini, na mwenye figo dhaifu anailimbikiza hata kwenye maji ambayo wengine yanawapita. Akikutwa na tatizo hilo, awe wa pili kwenye foleni ya maji safi baada ya mtoto.

Na kama mkubwa ana matege, hukutaja, usiseme ni maji ukaishia hapo. Miguu kupinda utotoni mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu au vitamini D, na floraidi inazidisha madhara ya upungufu huo. Maziwa kila siku yanasaidia pande zote mbili, kwa sababu kalsiamu tumboni inaishika sehemu ya floraidi kabla haijaingia kwenye damu.

Kabla ya kufika kwenye vyombo, ingia jikoni. Hukusema kama unatumia magadi, lakini anayepika makande na maharage huku kaskazini bila magadi ni wachache. Magadi ya kuokota yanatofautiana sana, na baadhi yana gramu kadhaa za floraidi katika kilo moja. Chukua ya gramu 2 tu kwa kilo: kijiko cha gramu 5 kimeingiza miligramu 10 chunguni, sawa na zaidi ya lita mbili na nusu za kisima chako. Zipo sehemu za kaskazini mwa Tanzania ambako maji yalipimwa yakakutwa na floraidi kidogo, na bado watoto wana meno yenye madoa. Watafiti walipofuatilia wakayakuta magadi jikoni. Kisha fikiria jinsi maharage yanavyopikwa: unaongeza maji, yanakauka, unaongeza tena. Kila maji yaliyokauka yameacha floraidi yake kwenye mchuzi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, pika kwa maji safi, na kama kuna presha kuka itumie. Magadi yaache. Ladha ya makande itabadilika, sikudanganyi, watu wa nyumbani watanung'unika kwa majuma kadhaa.

Sasa maji yenyewe. Watu wanashindwa kwa sababu wanafikiria kusafisha maji yote ya nyumba: ya kuoga, ya kufua, ya choo, ya ng'ombe. Hakuna familia ya kawaida inayomudu hilo. Tenga yanayoingia mdomoni. Nyumba yenu ya watu watano inahitaji kama lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia. Ya watoto wawili peke yao, kunywa na uji, ni kama lita 4.

Kwa kiasi hicho, chaguo langu la kwanza ni mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Chukua kipande cha paa la mabati cha mita 5 kwa 8. Kila milimita 10 za mvua zinakupa lita 400. Toa zinazopotea, zinabaki kama 320. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa milimita 160 hivi, na masika ya Usa River yanaleta hizo na zaidi. Likijaa mwisho wa Mei, kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni siku 153. Kwa lita 25 kwa siku mnatumia 3,825. Mnafika vuli na akiba. Kama fedha haipo, nunua la lita 1,000 na ulitie kufuli: lita 4 za watoto kwa siku 153 ni lita 612 tu. Na kwa kuwa mmepanga, faida nyingine ni kwamba mkihama mnahama nalo, tofauti na bomba au kisima.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa, usiiingize tangini. Weka wavu mdomoni, mfuniko uzibe mwanga, bomba la kuchotea liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Kisha maji hayo ndiyo ya kuchemsha na kupitisha kwenye mshumaa. Hapo chujio lako linafanya kazi liliyotengenezewa.

Chujio la mkaa wa mifupa nalo ni la kweli, si utapeli. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500 bila hewa ya kutosha inabaki na madini yanayoinasa floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo jirani yenu, kimeshughulika nayo kwa miaka mingi, na upande wa Nakuru nchini Kenya jimbo la Kanisa Katoliki lilitengeneza machujio hayo kwa muda mrefu. Ila usijaribu kuichoma nyumbani. Ikiiva nusu, maji yananuka uvundo. Ikizidi moto inakuwa jivu jeupe lisilonasa kitu. Kama nyumbani kuna wenye mashaka ya dini, muulize fundi mifupa ni ya mnyama gani na imetoka wapi. Ni swali la haki.

Tatizo la mkaa huu ni kwamba unachoka, na ukichoka hausemi. Maji yanaendelea kutoka masafi kwa macho, yakiwa na floraidi yote. Fanya hesabu na fundi kabla ya kununua. Gramu moja ya mkaa mzuri inabeba kama miligramu 2, hivyo ndoo yenye kilo 8 inabeba 16,000. Maji yako yakishushwa kutoka 3.8 hadi 0.8, kila lita inaacha 3. Kwa lita 25 kwa siku ni 75, na mkaa unamalizika baada ya siku 213, kama miezi 7. Chujio lilelile kwa jirani mwenye maji ya 12 linaisha kabla ya miezi 2. Fundi anayewaambia wote wawili "linadumu mwaka" hajui anachouza. Pima maji yanayotoka baada ya miezi mitano ya kulitumia. Na akikutolea kile kikalamu cha kidijitali akakuonyesha namba ikishuka, mshukuru, halafu mwambie apeleke sampuli maabara: kikalamu kinapima chumvichumvi zote kwa jumla, floraidi hakiijui. Acha maji yapite polepole kwa matone, kisha yachemshe, maana mkaa hauui vijidudu.

Shabu ya jirani ina chembe ya ukweli. Ipo njia ya Kihindi iitwayo Nalgonda inayotumia shabu na chokaa pamoja, na ilijaribiwa Ngurdoto. Lakini inataka vipimo vya gramu vinavyotegemea maji yako, kukoroga, kusubiri machicha yatulie, kisha kumwaga yale machicha kwa uangalifu. Kale kakipande kanakozungushwa ndooni ili tope litulie hakatoshi kwa floraidi, na ukimwaga nyingi kwa kukisia unaongeza aluminiamu kwenye maji ya mtoto. Mimi nisingeifanya nyumbani.

Maji ya chupa yanaweza kukuvusha wiki za mwanzo kwa uji wa mtoto. Soma lebo uone floraidi iliyoandikwa. Kisichoandikwa usikinunue kwa kazi hii.

Kuhama? Kwa 3.8, hapana. Kwa hiyo fedha ya kuhamia nyumba nyingine unapata tangi na mabati ya mfereji wa paa. Vipimo vipya vikirudi na 8 au zaidi, nao mwenye nyumba hataki kusikia habari za tangi, hapo ningetafuta nyumba yenye bomba la mamlaka, na bado ningeuliza maji yake yanatoka chanzo gani. Kama mtaa mzima unatumia visima vya namna hii, pelekeni majibu ya maabara kwa RUWASA (wakala wa maji vijijini) au mamlaka ya maji kwa maandishi, visima vitatu vinne kwa pamoja. Suluhisho la mtaa ni kuleta maji kutoka chanzo kizuri au kuyachanganya na mabaya hadi yashuke. Jiji la Arusha lenyewe limelazimika kufuata maji hadi upande wa Hai.

Kuoga, kufua, kuosha vyombo, kumwagilia mchicha: tumieni kisima bila wasiwasi. Floraidi ya kiasi hicho haipiti kwenye ngozi. Mtoto tu asinywe maji ya beseni anapoogeshwa.